Eksirei inasema mfupa mzima, mbona goti linachomoka?

Shikamoo daktari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 29 na mtoto mmoja. Netiboli nimeicheza tangu UMITASHUMTA nikiwa darasa la sita, na mpaka leo nachezea timu ya watumishi wa halmashauri yetu, nafasi ya senta. Jioni nawafundisha mabinti wa shuleni kwangu mchezo huohuo.

Mwezi wa pili unaisha sasa tangu niumie. Tulikuwa mazoezini, nikaruka kudaka mpira wa juu, nikatua kwa mguu wa kulia huku kiwiliwili nimeshakigeuza kumtafuta mfungaji wangu. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia mlio ndani ya goti, ko!, nikaanguka. Hata dada aliyekuwa ananikaba anasema aliusikia. Maumivu yalikuwa makali, kisha yakapoa, nikasimama nijaribu kuendelea. Hatua mbili tu goti likaniacha, nikaanguka tena. Kabla ya magharibi lilikuwa limejaa, pia ya goti haionekani.

Usiku ule mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto na chumvi. Kesho yake mchua misuli wa timu akaja kulichua kwa mafuta ya nyonyo. Nililia sana, na uvimbe ukazidi. Nilipokwenda hospitali nikapigwa eksirei, nikaambiwa mfupa ni mzima, ni mshtuko tu, nikapewa diklofenaki na bandeji ya kuvuta.

Sasa maumivu yamepungua sana. Natembea, nafundisha, napika. Lakini nikigeuka ghafla kutoka ubaoni, au nikishuka kwenye bodaboda, goti linachomoka kama si langu, kisha linarudi. Juzi limenifanyia hivyo mbele ya darasa la nne, nikadaka dawati. Paja la kulia limekonda mpaka suruali ya michezo inapwaya upande mmoja. Kuswali nakalia kiti kwa sababu goti halikunji hadi mwisho, na kulinyoosha lote pia linagoma kidogo.

Mashindano ya SHIMISEMITA yanakaribia. Kocha anasema yupo mtu wa kunichoma sindano ya maumivu siku ya mechi, nivae na ile soksi ya goti inayobana, nicheze. Mwalimu mwenzangu aliyewahi kupasuliwa goti Dar anasema hii ni ACL na nisipopasuliwa nitalemaa. Mume wangu anaogopa kisu, anataka twende kwa mzee aliyemuunga mdogo wake mfupa. Mama mkwe anasema mwanamke aliyezaa hana kazi na mpira. Bima ninayo, ya NHIF.

Naomba uniambie daktari: kama mfupa ni mzima, goti linachomoka kwa nini? Ni lazima nipasuliwe? Na mashindano nicheze au nisicheze? Usinifiche.

Mwalimu, Singida

*

Marahaba mwalimu, na pole kwa yote.

Nianze na la mashindano, kwa kuwa ndilo lenye tarehe: usicheze. Na hiyo sindano usiikubali. Goti lililotiwa ganzi litachomoka vilevile, ila wewe hutasikia, utaendelea kulikimbilia. Kila linapochomoka, mfupa wa paja na mfupa wa muundi husagana vibaya, na kinacholiwa hapo ni gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, pamoja na zile meniskasi mbili, vipande vyenye umbo la mwezi mchanga vinavyopokea uzito wako kati ya mifupa hiyo. Kano iliyokatika ina tiba. Meniskasi iliyochanika vibaya hadi ikabidi itolewe hairudi tena, na goti lisilo nayo huzeeka mapema. Soksi ya goti nayo inakupa joto na moyo wa kujiamini, lakini haina nguvu ya kuzuia muundi usizunguke. Kocha anatafuta ushindi wa mwaka huu, wewe goti hilo unalihitaji hata ukistaafu. Mwambie kwa heshima, na akibisha mpe asome jibu hili.

Sasa sababu ya kuchomoka. Eksirei inaonyesha mifupa. Kano, au ligamenti kama tunavyoziita hospitalini, ni kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, na kwenye picha ya eksirei hazionekani. Kwa hiyo aliyekuambia mfupa ni mzima alisema kweli. Kosa lilikuwa kuishia hapo. Goti lina kano kuu nne. Mbili ziko pembeni, ya ndani na ya nje, zikizuia goti lisifunguke kwa kando. Mbili zimo katikati kabisa ya kiungo, zimepishana kama msalaba. Ya mbele kati ya hizo ndiyo ACL aliyoitaja mwenzako, na kazi yake ni kuzuia muundi usiteleze kwenda mbele wala usizunguke kupita kiasi chini ya paja. Goti lililoipoteza ni kama mlango uliolegea skrubu za bawaba: unafungua na kufunga bila shida, mpaka usukumwe kwa upande. Ndiyo maana njia iliyonyooka unaimudu, lakini kugeuka kutoka ubaoni kunakuangusha.

Hukuguswa na mtu, ulisikia mlio, goti likajaa jioni ileile, na tangu hapo linakuacha. Sijakushika goti, hivyo siwezi kuapa, lakini ungekuwa mbele yangu ACL ndiyo ningeitafuta kwanza. Goti linalojaa ndani ya saa chache mara nyingi limejaa damu, na kwa aliyeumia michezoni damu hiyo mara nyingi chanzo chake ni kano hii. Meniskasi ikichanika peke yake, uvimbe kwa kawaida huja polepole, ukauona kesho yake. Halafu netiboli yenyewe inajulikana kwa jeraha hili. Kanuni inakukataza kutembea na mpira, kwa hiyo mchezaji anayekimbia kwa kasi analazimika kugota pale alipotua, mguu umekita chini, mwili bado unakwenda na kichwa kimeshageukia kwingine.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Unalala chali, daktari anakunja goti kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja unalishika paja juu ya goti na mwingine unauvuta muundi mbele. Kano ikiwa nzima, mvuto unagota ghafla. Ikiwa imekatika, muundi unakuja mbele kuliko ule wa mguu wa pili, na mwisho wake ni laini, haugoti. Kinaitwa Lachman. Siku za mwanzo hudanganya kwa sababu goti limejaa na misuli imekaza kwa maumivu, kwa hiyo hata kama ulipimwa wakati ule na hakikuonekana kitu, usishangae. Sasa ndio wakati wake. Omba rufaa ya kumwona daktari bingwa wa mifupa. Kutoka Singida, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ndiyo ya karibu. MOI, Muhimbili, ndiyo taasisi kubwa ya tiba ya mifupa nchini. Bingwa akishakupima, ataamua kama kipimo cha picha cha MRI kinahitajika, na kwa dalili zako naamini atataka. MRI ndiyo itakayoonyesha kano zote nne na hali ya meniskasi. Kabla ya siku ya kipimo pita dirisha la bima uulize kama kinahitaji kibali, usije ukasafiri bure.

Sentensi iliyonisumbua kuliko zote katika barua yako si ile ya kuchomoka. Ni ile ndogo ya mwisho, kwamba kulinyoosha lote linagoma. Inaweza kuwa ni uvimbe uliobaki na misuli ya mbele ya paja iliyolala. Lakini inaweza pia kuwa kipande cha meniskasi kimejikunja kikaziba kati ya mifupa, na hicho hakisubiri mazoezi. Kwa ajili ya hiyo sentensi, usiiache rufaa ipite mwezi huu. Na goti likijifunga kabisa, halikunji wala halinyooki, nenda siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukiona kigimbi kimevimba na kinauma, ukapata homa huku goti ni la moto na jekundu, au unyayo ukawa baridi na kufa ganzi. Kifua kikibana na pumzi ikawa fupi, kimbilia hospitali iliyo karibu kuliko zote.

Kuhusu kisu, mwenzako amekutisha kupita kiasi. Kano ya pembeni ya ndani mara nyingi hupona bila upasuaji, kwa wiki chache za kinga na mazoezi. ACL iliyokatika yote ni ngumu zaidi kujiunga, maana imo katikati ya maji ya kiungo na ncha zake huachana. Lakini mtu kuishi vizuri bila ACL inawezekana. Watafiti wa Sweden walianza kuchapisha mwaka 2010 matokeo ya vijana wanamichezo 121 waliokatika kano hii. Kundi moja lilipasuliwa mapema kisha likafanya mazoezi, jingine likaanza na mazoezi kwa makubaliano kwamba anayeshindwa apasuliwe baadaye. Baada ya miaka 2, na tena baada ya miaka 5, makundi yote mawili yalikuwa sawa kwa maumivu na kwa utendaji wa goti, na takriban nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa hawajapasuliwa kano hiyo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni goti lako linakufanyia nini baada ya misuli kupata nguvu. Kama baada ya miezi mitatu ya mazoezi ya kweli halichomoki tena, na uko tayari kubaki na kutembea, baiskeli na kazi zako, unaweza usipasuliwe maisha yako yote. Kama linaendelea kukuacha hata darasani, au unataka kurudi kwenye mchezo wa kuruka na kugeuka kama netiboli, au MRI imeonyesha meniskasi ya kushonwa, mimi ningekushauri upasuaji. Hufanywa kwa matundu madogo, na kano mpya hutengenezwa kwa kipande cha kano ya misuli yako mwenyewe, mara nyingi ya nyuma ya paja au ile iliyo chini ya pia ya goti. Mumeo ajue hilo: si kufungua goti zima.

Na huyo mzee anayeunga mifupa, mwambie mumeo hivi: hapa hakuna mfupa wa kuunga, na kano iliyo katikati ya goti haifikiwi na kidole wala dawa ya kupaka. Maji ya moto na kuchua yamepita, usimlaumu mama mkwe, alikufanyia kwa upendo. Ila shuleni kwako waambie: jeraha bichi la goti siku mbili tatu za mwanzo halikandwi kwa moto wala halichuliwi, kwa sababu joto na kusugua huongeza damu mahali panapovuja. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, bandeji isiyokaba sana, mguu juu ya mto, na magongo kama kukanyaga kunauma. Diklofenaki nayo usiigeuze chakula. Ukizoea kuinunua dukani mwezi baada ya mwezi, tumbo na figo ndivyo vitakavyolipa.

Kazi inaanza leo, usingoje tarehe ya rufaa, kwa sababu hata wanaopasuliwa hupona vizuri zaidi wakiingia chumba cha upasuaji na goti lililonyooka, lisilojaa, na paja lenye nguvu. Kaa kwenye mkeka, mguu mbele, weka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino ili nyuma ya goti pabaki hewani. Kaza misuli ya mbele ya paja kana kwamba unataka kuligandamiza goti sakafuni, uone pia ya goti inapanda kidogo kuelekea juu. Hesabu hadi tano, achia. Mara kumi, na urudie asubuhi, mchana na usiku. Isipopanda, misuli hiyo imelala na ndiyo sababu paja linapwaya. Likigota kama limezuiwa na kitu, usilazimishe, hilo ndilo la kumweleza bingwa. Kisha telezesha kisigino kuelekea makalio, ukunje hadi pale linapokaza bila kuuma. Yakishakuwa rahisi, ongeza kukaa na kusimama kutoka kwenye kiti chako cha darasani polepole bila kushika meza, uzito ukiugawa sawa miguu yote miwili, maana utajikuta unauegemea wa kushoto bila kujua. Lala chali uinue nyonga. Chai ikichemka, simama kwa mguu wa kulia karibu na ukuta. Goti likivimba kesho yake, jana ulizidisha, punguza. Mtaalamu wa mazoezi tiba wa hospitali ya mkoa ndiye wa kukupandisha ngazi kutoka hapo, na nakuomba uende kwake hata kama ni mara moja kwa wiki mbili.

Bodaboda ukishuka, tanguliza mguu mzima chini, usigeukie juu ya ule mgonjwa. Ngazi: kupanda tanguliza mzima, kushuka tanguliza mgonjwa. Choo cha kuchuchumaa kwa sasa kikwepe ukiweza, viti vya kuweka juu ya tundu vinapatikana. Kuswali endelea kukalia kiti bila wasiwasi. Goti likishakunja lote bila kukwama, utapiga magoti tena, uliza kwanza mtaalamu wako wa mazoezi.

Ukiamua kupasuliwa, jipange kwa miezi 9 hadi mwaka kabla ya mechi. Watu wengi huumia tena kwa haraka yao. Mwezi wa tatu maumivu hayapo na unatembea vizuri, unadhani umepona, kumbe kano mpya bado inajijenga na haijapata nguvu zake. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kusubiri, hadi wa 9, uliipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Mwanasoka Alexia Putellas wa Barcelona, aliyekuwa amebeba Ballon d'Or, alikatika kano hii Julai 2022, siku moja kabla ya Euro ya wanawake kuanza. Alirudi uwanjani mwishoni mwa Aprili 2023. Mchezaji mwenye madaktari wake, gimu yake na mshahara wa kukaa akijiuguza alikaa karibu miezi 10. Mpe kocha mfano huo. Na usirudi kwa kalenda peke yake: mguu wa kulia uweze kuruka na kusukuma angalau asilimia 90 ya wa kushoto, bila uvimbe na bila woga.

Mama mkwe ana nusu ya hoja. Ni kweli kwamba katika michezo ya kuruka na kugeuka wanawake hukatika ACL zaidi ya wanaume, mara mbili au zaidi. Kuzaa si sababu ya kuacha. Namna ya kutua ina sehemu kubwa, na kutua kunafundishika, ila mabinti wengi hutupwa uwanjani bila kufundishwa. Hapo ndipo ninapokuomba msaada wewe uliye na timu ya watoto. FIFA wana mazoezi ya kupasha mwili yaitwayo FIFA 11+, dakika kama 20, angalau mara mbili kwa wiki, na yamepunguza majeraha kwa kiasi kikubwa pale yalipofuatwa. Chama cha netiboli cha Australia nacho kina programu yake, KNEE. Haihitajiki gimu: kiwanja chako cha vumbi kinatosha. Wapange mstari, waruke mmojammoja mbele yako na kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa kidogo, na wewe ukae kwenye kiti ukiangalia magoti tu. Yakisogeleana kwa ndani wakati wa kutua, msimamishe huyo binti arudie taratibu mpaka yakae juu ya vidole vya miguu. Wakishaweza hivyo, watue kwa mguu mmoja. Wakishaweza hivyo, warushiwe mpira. Kazi hiyo unaweza kuianza wiki hii, goti lako likiwa hivyohivyo lilivyo.

Majibu ya MRI yakitoka, niandikie yalivyoandikwa neno kwa neno, pamoja na alichokuambia bingwa, tuendelee kutoka hapo.